Mkuki wa Eemeli Rautiala

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1954 sikulala. Baba yetu alikuwa hospitali ya mjini, na simu ilikuwa dukani tu. Kila mara nilifuta ukungu dirishani nikaitazama njia. Kulipokucha nikamwona mwenye duka akija polepole, kofia mkononi.

Eemeli Rautiala alizaliwa tarehe 3 Machi 1888 kijijini Ylikoski, ndani ya sauna ya nyumbani, kile chumba cha mvuke cha kuogea, kama wengi wetu. Alisoma shule ya kijiji, ambako mwalimu alilalamika kwamba hakai kitini. Baadaye akawa mkata magogo. Mkuki wake wa kwanza aliuchonga mwenyewe. Yeye alirusha, na mdogo wake Oskari alikimbia kuurudisha.

Mwaka 1912 alishiriki Olimpiki ya Stockholm, katika shindano la kurusha kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, umbali ukajumlishwa. Hakupata medali. Oskari alimpokea stesheni akimtania:

"Kaka, kwa mkono wa kulia alirusha mwanamume. Kwa wa kushoto alirusha bibi."

"Basi wewe uwe unamwokotea bibi. Harushi mbali."

Mwaka 1914 alimwoa mama yetu, Lempi Hakala. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918 vikawagawa ndugu hawa: baba upande wa wafanyakazi, Oskari upande wa serikali. Baba alipotoka kambi ya wafungwa, klabu ya michezo ya kijiji ilikuwa imekwisha kumfuta uanachama. Mkuki wake ulibaki ukutani mwa nyumba ya klabu, na ufunguo alikuwa nao Oskari. Hawakusemezana tena. Kila jioni baba alitembea hadi pale, akageuka, akarudi. Mama alikuwa akimwekea kahawa jikoni, na aliinywa amesimama.

Mapafu yalianza kumsumbua vuli iliyopita. Siku ya mwisho nilipokuwa naye aliniuliza kama Oskari amefika. Nikamjibu bado.

"Mkinipeleka sauna kuniosha," akasema, "msitie komeo."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake.

Juzi tulimwosha. Komeo sikulitia, ingawa baridi ilipenya na mama alitetemeka. Tukasikia viatu kwenye theluji. Vikasimama nje, kwa muda mrefu, hata nikadhani vitaondoka. Kisha mlango ukafunguka. Baba mdogo Oskari aliinama kuingia, maana mkuki ulikuwa mrefu. Akaulaza kando ya mkono wa kushoto.

"Nimeurudisha, kaka."

Sasa atulie, baba yetu.