Kengele Haijipigi Yenyewe: Maisha ya Kaka Yetu, Mwenyekiti wa Zamani

Mchungaji, viongozi wa chama, majirani na ndugu zetu wote, familia imeniomba mimi, mdogo wake marehemu, fundi cherehani, niwasomee maisha yake, nami nitasoma polepole, kwa sababu macho yangu si mazima, na moyo nao leo si mzima.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu, seremala wa mabehewa. Alianza shule ya msingi Januari 1956, na kwa kuwa hakuchelewa hata siku moja, mwalimu mkuu alimkabidhi kazi ya kupiga kengele, ndiyo maana wengi wenu mnamjua zaidi kwa jina la Kengele kuliko jina lake la ubatizo. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1967, na tarehe 3 Februari 1968 akaajiriwa na kiwanda cha sabuni kama karani wa stoo, ambako alijua kila mfanyakazi anavaa buti namba ngapi, na kwa sababu hiyo, mwaka 1977, walimchagua kuwa katibu wa chama chao cha wafanyakazi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972 na shemeji yangu huyu, muuguzi, Mungu akawajalia watoto wanne.

Mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha siasa, na tarehe 16 Juni 1996 akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Ndani ya chama hicho kulikuwa na desturi ambayo wageni huenda hawaijui, kwamba kiongozi akilaumiwa huandika barua ya kujiuzulu, wajumbe wakaikataa kwa makofi, naye akabaki na nguvu mpya, na vivyo hivyo mtu akiombwa cheo hukataa mara mbili, akakubali mara ya tatu, asije akaonekana ana uchu. Kaka aliandika barua ya namna hiyo mwaka 2001, ikachanwa mbele yake, akaandika nyingine 2005, nayo ikachanwa. Baada ya chama kushindwa vibaya uchaguzi wa 2009, Jumamosi ya tarehe 21 Novemba, alitoa ya tatu, wajumbe wakanyamaza, katibu akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili, wakaendelea na ajenda ya pili. Jioni ile alikuja dukani kwangu kwa miguu, maana dereva alikuwa ameamriwa kurudisha gari ofisini, akasimama katikati ya vitambaa, akaniambia, mdogo wangu, wamesahau kukataa.

Palepale aliniagiza koti jeusi la siku atakayorudishwa. Nililishona, likatundikwa nyuma ya mlango wa sebule, na miaka ilivyokwenda nililipunguza mara tatu, 2012, 2016 na 2019, kwa sababu mwenye koti alikuwa anapungua. Kwa miaka kumi na miwili kaka aliketi kwenye kiti kinachotazama geti, simu juu ya stuli, na wajukuu walikatazwa kuigusa. Binti yake mdogo alipojifungua mapacha, safari ya saa sita tu kufika kwake, kaka alisema atakwenda wiki ijayo, na mapacha hao sasa wako darasa la tano. Shemeji alistaafu 2010, akatamani wahamie karibu na watoto, akafunga masanduku mara mbili, mara mbili akayafungua, na siku moja aliniambia, shemeji, mimi niliolewa na mtu, sasa naishi na mlango. Muuza mkaa alikuwa akipita akimtania, Kengele, bado tu hawajaja, naye akicheka kicheko cha mtu mzima aliyeumia, akijibu, kengele haijipigi yenyewe, bwana.

Walikuja. Alhamisi tarehe 9 Septemba 2021, saa tisa alasiri, chama kikiwa kimegawanyika, walifika watu watatu kumwomba ashike uenyekiti, nami nilikuwepo, nikikaza vifungo vya koti lile. Kaka aliwasikiliza, akasema, nashukuru wanangu, mimi mzee, tafuteni kijana. Wakamwomba tena, akakataa tena. Ndipo katibu wao, dada mmoja aliyeingia chamani baada ya zama zake, ambaye hakuna aliyemfundisha desturi ile, akasimama kwa heshima, akasema, tumekuelewa mzee wetu, wakampa mkono, wakaondoka. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua ishirini, nilijua jibu la tatu lilikuwa ndiyo, ningeweza kuwakimbilia, sikukimbia, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mdogo hamsemei mkubwa wake. Ninaliungama hili mbele za Mungu na mbele yenu.

Januari 2022 miguu ilianza kuvimba, wakasema ni moyo, akalazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 24 Mei 2023, na hata wodini alimwomba muuguzi asifunge pazia, ili auone mlango. Jumapili tarehe 28 mchungaji alisali naye, na alipoondoka kaka alinishika kiganja, akasema, ningekubali. Ijumaa tarehe 2 Juni, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alitutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliolala nasi kwenye msiba, muuza mkaa ambaye hajafanya biashara tangu Ijumaa, na wenzake wa kiwandani. Tunakishukuru chama pia. Asubuhi ya leo dada yule, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alikuja nyumbani kuomba bendera ya chama ilazwe juu ya jeneza hili, shemeji akanitazama, kisha akasema ndiyo, mara ya kwanza tu alipoulizwa.

Kaka, koti umelivaa, limekukaa vizuri mabegani. Aliyekuita safari hii haombi mara tatu, nawe hukuhitaji kumjibu. Pumzika kwa amani.