Simu Niliyoipeleka Mikokoni

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe mchana huu. Kwa wasionifahamu, na najua ni wengi, mimi ni Neema, mwaka wa pili, kwetu ni Ubena. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa kwenye upweke. Mahali aliponitolea ni hapa nyuma ya chuo chetu, mikokoni.

Mwaka jana nilikuwa na tabia moja. Kila nikitoka darasani, naweka simu sikioni na kuongea. Ndiyo mama, nimeshakula mama. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Nilifanya hivyo ili msijue kwamba sina wa kutembea naye. Anayeongea na simu hakuna anayemhurumia. Watu wanampisha tu. Na mama mwenyewe alipopiga, nilimwambia mambo ni mazuri, nikakata upesi.

Nikapata sapu mbili, mitihani miwili ya kurudia. Usingizi ukaniishia, kifua kikabana. Alhamisi moja nikafunga begi, kesho yake niache chuo nirudi kwetu. Sikumuaga mtu. Ningemuaga nani?

Alasiri hiyo nikashuka mikokoni nipate kupumua. Wenzangu wa bara niwaeleweshe: maji ya bahari yakipwa, huacha tope pana kati ya mizizi, na mtu anaweza kupita kwa miguu. Kaa wadogo wanakukimbia, wanazama mashimoni, halafu kimya. Nilitembea simu ikiwa sikioni, naongea, hata pale pasipo na wa kunitazama. Ndugu zangu, nilikuwa nimefika huko.

Kumbe mtu yupo. Mama mmoja mtu mzima ameinama nyuma ya mizizi, anaokota tondo, wale konokono wa matopeni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza naongea na nani.

"Na mama," nikasema.

"Huku mtandao haukamati, mwanangu. Huyo mama yako ana sikio kali."

Nikacheka. Kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia. Hakunibembeleza. Alinipa ndoo yake.

"Lia, lakini mikono isikae bure."

Basi nikaokota huku nalia. Bi Mwanahawa, ndilo jina lake, akaniuliza mtandao ungekuwepo ningemwambia nini mama. Nikayasema yote: sapu, usiku nisiolala, begi lililofungwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo mie siyawezi, mie najua tondo," akasema. "Mwenye kuyaweza anakusikia. Mwambie Yeye."

Akasogea mizizi ya mbali, akaniacha peke yangu.

Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo, na ni yeye aliyenirudisha kwenye maombi. Nikatia simu mfukoni. Kwa sauti ileile niliyozoea kudanganyia watu, nikamwambia Mungu ukweli. Upepo ulikuwa ukipita kwenye majani, tope likinipoa miguuni, na kifua kikaachia. Sikuona maono. Nilipumua, ndugu zangu, pumzi nzima, ya kwanza kwa wiki nyingi.

Niliporudi bwenini nikampigia mama simu ya kweli. Nikamweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unasema 'nzuri' kabla sijauliza."

Begi nikalifungua. Sapu moja nimefaulu, nyingine ningali nayo. Na kuhusu marafiki, sitawadanganya: bado ninakula peke yangu siku nyingi. Lakini siogopi tena kuonekana hivyo, na ninayeongea naye ananisikia. Namshukuru Mungu, na namshukuru Bi Mwanahawa, ambaye hajui kama leo nimemtaja.

Labda humu yupo anayetembea na simu isiyo na mtu. Sitakuuliza jina. Mwamini Bwana, mwambie ukweli wako, hata kama ni kwa kunong'ona. Na kesho saa tisa alasiri maji yatakuwa yamekupwa. Nitakuwa pale nyuma ya bweni la wasichana, nimevaa kandambili, nimeshika ndoo. Simu nitaiacha chumbani. Atakayekuja, tutashuka wote.