Udongo Kwenye Ganda la Waya

Benchi lililo nje ya kinyozi linatazama geti la kiwanda cha nyaya, na Unga hukaa upande ambao geti halimtoki machoni. Miaka thelathini na moja alichanganya humo udongo na plastiki ya kufunikia nyaya, akirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi viatu, ndiyo maana kijiwe kizima kikambatiza Unga. Mkewe alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Sasa amestaafu, na kila asubuhi, kahawa ikimiminwa, huwaambia wenzake kwamba bila yeye maganda ya nyaya yatatoka na vipovu, mwezi hauishi watakuja kumwita. Mwezi umeshaisha mara tatu.

Kinyozi: Mimi bado hainiingii. Plastiki safi, unaitia udongo wa nini? Muuza maziwa akitia maji si mnamkamata?

Unga: Udongo mweupe huo, umechomwa, umesagwa laini kuliko poda ya mtoto. Unalisaidia ganda livumilie joto. Ukizidisha tu, linapasuka.

Fundi Redio: Sikiliza, Kinyozi. Umeme una njaa. Usipoupa cha kutafuna, unakula plastiki. Udongo ni chambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kinyozi: Aa, hiyo ni kwa ajili ya panya. Akiuma waya anadhani ameuma ukuta, anaondoka na aibu zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika meno.

Fundi Redio: Na radi je? Radi ikikuta udongo inajua imeshafika ardhini. Inalala hapo hapo.

Unga alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Angalau hapa walimuuliza kitu. Nyumbani hata redio ilikuwa haimuulizi.

Hapo akaja binti mmoja aliyevaa ovaroli la kiwandani, akaagiza kahawa. Kope zake zilikuwa nyeupe. Moyo wa Unga ukaruka: wamemtuma.

Binti: Habari zenu, wazee wangu.

Unga: Nzuri, mwanangu. Vipi huko, maganda yanatoa vipovu?

Binti: Yalitoa siku mbili za mwanzo, nilipopewa kazi ya kuchanganya. Halafu nikakuta karatasi imebandikwa nyuma ya mashine, imeandikwa kwa mkono. Udongo ukaushwe kwanza, upakwe dawa ya kuushikisha na plastiki, ndipo uchanganywe. Tangu hapo halijaharibika hata moja.

Karatasi ile aliibandika Unga mwenyewe siku yake ya mwisho, kwa mazoea tu ya mtu asiyeacha kazi nusu. Hakuwaza kwamba ndiyo itakayokalia kiti chake.

Binti akalitaja jina lililoandikwa chini ya karatasi. Lilikuwa jina halisi la Unga; tangu mkewe afariki, hakuna aliyelitamka.

Kinyozi: Hilo jina hapa kijiweni hatunalo.

Fundi Redio: Labda ni wa zamani sana huyo.

Binti: Nilitaka nimshukuru tu. Hivi bado yu hai?

Kinyozi akamtazama Fundi Redio, Fundi Redio akatazama kikombe. Unga alifungua mdomo. Miezi mitatu alikuwa akingoja kuitwa kazini, si kushukuriwa. Upweke ulimkuta pale pale katikati ya watu. Akaufumba mdomo, akamgeukia Kinyozi, naye akingoja mtu ajibu.