Ramani ya Chaki kwa Fundi

Benchi la kwa Fundi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na ukikaa upande wa matofali usiinuke bila kuaga, maana wenzako watakwenda chini. Limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na nyuma ya duka hilo, ng'ambo ya pazia la maua, ndiko Fundi anakoishi na mkewe. Kahawa hunywewa pale kuanzia saa nne asubuhi: birika moja, vikombe vitatu, anayemaliza anampa anayesubiri, na hakuna habari iliyowahi kukaa pale ikaondoka na nguo zake zote. Wiki hizi habari ilikuwa moja tu, homa ya kifua. Ilianzia mji wa mpakani, ikateremka na barabara kuu hadi kituo cha malori, ikalala sokoni, na sasa ilikuwa imeshaingia mtaani. Wenye benchi waliona wakubwa wanachelewa, wakaamua kuifuatilia wenyewe. Mwenye chaki alikuwa Fundi, kwa hiyo ramani akachora Fundi, hapo hapo ukutani, na kila nyumba yenye mgonjwa ikawekewa alama ya msalaba.

— Mpakani mpaka hapa ni inchi thelathini na mbili, — alisema Profesa, akishusha futi ya kupimia nguo ukutani. Shule aliikalia miaka ishirini na mitatu, akiwa mlinzi wa geti. — Siku kumi na sita. Homa hii inatembea inchi mbili kwa siku, na Ijumaa inapumzika.

— Nani kakwambia inapumzika? — aliuliza Spana, mtengeneza pikipiki, mikono myeusi kwa oili.

— Hakuna anayefanya kazi wiki nzima. Mfano hai ni wewe.

Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia. Huyu hutengeneza simu kona ya pili, na akisikia jambo nusu, nusu iliyobaki huitunga mwenyewe. Alionja tena, akakunja uso.

— Fundi, kahawa ya siku hizi ina ugomvi na nani? Shemeji anarudi lini?

— Bado yuko kwa dada yake, — alisema Fundi, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. — Si nimeshawaambia?

Alikuwa ameshawaambia mara nne. Ukweli ni kwamba shemeji yao hakuwa amesafiri hata hatua kumi. Alikuwa nyuma ya pazia, leo siku ya nne, homa haishuki, na tangu alfajiri alikuwa hawezi kulala chali. Alikaa ameegemea mto, anavuta pumzi moja moja. Fundi alikazana na cherehani asubuhi nzima, hata pale ambapo hapakuwa na kitambaa chini ya sindano, ili mlio ufunike kikohozi.

Sababu ya kuogopa alikuwa nayo. Wiki iliyopita alimwekea msalaba seremala, na kabla jua halijazama watu walikuwa wanavuka barabara ili wasipite mlangoni kwake. Watoto wa seremala walinyimwa hata kaa la kuwashia jiko. Na aliyesema kwa sauti kubwa kwamba pale pasipitwe alikuwa Fundi mwenyewe. 

— Mimi nimeshajua inavyosafiri, — alisema Spana. — Matairi.

— Matairi?

— Lori linajazwa upepo kule mpakani, sawa? Upepo wa kule, na homa ya kule. Linafika hapa, linapata pancha. Upepo unatokea wapi?

— Hapa, — alikubali Redio polepole.

— Haya. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mawingu yameingiaje tena?

— Kwani mawingu hayaendi na upepo? Wewe kunywa kahawa.

Redio hakukubali.

— Upepo hauchagui mtu. Hii inachagua! Kinyozi alipigiwa na namba asiyoijua, akapokea, siku ya tatu kalazwa. Muuza maji vilevile. Simu zao zinapita mikononi mwangu, mimi naona. Kuna mtu anapiga, wewe unasema haloo, yeye anakupima kifua kwa sauti. Akikuta kifua dhaifu, anatuma.

— Anatuma nini?

— Ningejua ningekuwa nimekaa hapa na nyinyi?

Profesa aliikunja futi, akajisafisha koo kama mtu anayeingia darasani.

— Mnahangaika na mkia wakati kichwa kipo. Tazameni ukuta. Kinyozi: yule dada wa afya mwenye daftari alikwenda kwake Jumatatu, Jumanne gari la wagonjwa likamchukua. Seremala: dada asubuhi, gari jioni. Muuza maji, hivyo hivyo. Kila nyumba aliyoingia na daftari lake, mtu katoka amebebwa. Sasa niambieni, dada anaifuata homa, au homa inamfuata dada?

Hata Spana aliyaacha matairi yake.

— Anawaandika, — alinong'ona Redio.

— Anawaandika! Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule maradhi kayaficha kwenye mkoba.

Profesa aliirusha methali kombo, lakini ikampata Fundi pale pale ilipotungiwa kupiga. Mguu ulisita kwenye kanyagio, na katika ukimya ule kikohozi kikapenya pazia, kifupi, cha mtu aliyejiziba mdomo. Fundi akakohoa haraka juu yake, akakanyaga tena.

— Vumbi la vitambaa, — alisema.

— Pole, ndugu yangu, — alijibu Spana. — Kazi zetu hizi zitatuua.

Redio alisogea mbele ya benchi, sauti ikashuka.

— Leo anapita mtaa huu, nimesikia. Akifika hapa, hakuna mgonjwa, hakuna jina, hakuna namba ya simu. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu akija mwenyeji anaumwa! Tumekubaliana?

— Tumekubaliana.

— Fundi?

Fundi aliinamia shati la shule alilokuwa akilishona. Tangu alfajiri alikuwa anamwomba Mungu yule dada apite, na papo hapo anaomba asipite.

— Tumekubaliana, — alisema, na akajichukia.

Birika halijapoa, dada akatokea. Alikuwa msichana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, daftari kubwa amelikumbatia kifuani.

— Shikamooni.

— Marahaba, — alijibu Profesa kwa ubahili, akinyoosha miguu kuziba njia.

— Hapa hakuna mgonjwa, — Spana aliwahi.

— Sijauliza bado, kaka.

Macho yake yalikuwa yameshahamia ukutani. Aliisogelea ramani, akaitazama kwa muda mrefu, akafungua daftari, akalinganisha.

— Nani kachora hii?

Fundi aliificha chaki kwenye ngumi.

— Nzuri kuliko ya kwetu ofisini. Mimi nilimkosa mama yake kinyozi, nyinyi mnaye. — Kidole kilipita juu ya misalaba bila kuigusa. — Kwa kinyozi. Kwa muuza maji. Kwa seremala. Kwa fundi viatu. Yote imezunguka hapa katikati, na katikati hamkuchora kitu. Hapa ni wapi?

Profesa aliikunjua futi. Akapima kutoka kwa kinyozi, akapima kutoka kwa seremala, midomo ikihesabu, kisha akaiacha futi ining'inie. Kinyozi alikuwa hakosi kukaa upande ule wa matofali. Seremala ndiye aliyelitengeneza benchi lenyewe, na kila asubuhi alipitia kikombe kimoja kabla ya kurudi kazini. Spana alikitazama kikombe alichotoka kupewa na Redio, akakiweka chini taratibu.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Kikohozi kilitoka tena nyuma ya pazia, na safari hii hakikuzibwa. Kilikuwa kirefu, kikammalizia mwenyewe pumzi.

— Fundi, — alisema Redio kwa sauti ndogo, — shemeji si alisafiri?

Fundi aliinuka. Chaki ilikuwa imelowa jasho mkononi. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akafika ukutani, akachora msalaba pale palipokuwa patupu, mkubwa kuliko yote.

— Ni hapa, — alimwambia dada. — Ni kwangu. Mke wangu, siku ya nne. Nilimficha. Nisaidie, dada yangu.

Akafunua pazia. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto, macho yamewiva kwa homa. Kumbe yote ya benchini alikuwa akiyasikia, tangu matairi mpaka mkoba. Alimtazama mumewe, akamtazama msichana wa daftari, akavuta pumzi ya kutosha maneno machache.

— Karibu, mwanangu. Niandike. Nimechoka kusafiri.