Waya Mahali pa Fyuzi: Wasifu wa Bwana Rangi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dada yake, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyembeba mgongoni. Leo watu fulani wamemwomba asome kwa upole. Ameshindwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, na mwaka 1990 akapata cheti cha umeme wa magari. Gereji iliyomwajiri mwaka uleule ndiyo iliyotuletea msiba huu.

Pikapu nyingi zina visanduku viwili vya fyuzi, kimoja chini ya dashibodi na kingine ndani ya boneti, ubavuni mwa betri. Madereva wengi hicho cha pili hawakijui kabisa; taa zikizimika wanabaki kupiga gari mateke. Marehemu alikuwa akiweka nukta ya rangi pembeni mwa kila fyuzi, na nukta kama hiyo kwenye kifaa chake: nyekundu kwa feni ya rejeta, nyeupe kwa taa, waridi kwa honi. Hapo ndipo jina la Bwana Rangi lilipotoka.

Tarehe 14 Desemba 1996 alimwoa msusi, ambaye haukupita mwaka akaona chupa zake za rangi ya kucha zinaisha na kucha zake ziko tupu. Alinuna wiki nzima, akiamini mumewe ana mwanamke mwingine mahali. Alipomfuata gereji alimkuta ameinama ndani ya boneti, ulimi nje, anapaka fyuzi nukta.

"Mume wangu, si ungesema tu?"

"Ningesema ungeninyima."

Juni 2023, fyuzi ya feni ya pikapu ya gereji ikawa kila ikiwekwa inaungua. Marehemu alimwambia bosi wake, "Mota imekwama, tubadilishe mota." Bosi akamjibu, "Una mdomo wewe. Kazi zimelala." Marehemu alipokwenda kula, bosi akachomeka waya mahali pa fyuzi na kuwasha gari. Fundi bodi, aliyekuwa amelala chini ya gari la pili, alimwona kwa macho yake. Fyuzi ikizidiwa huungua ikakata umeme; waya hauukati. Nyaya zikapata moto, moto ukashika mpira wa mafuta. Marehemu alirudi akakuta moshi, wenzake wangali chini ya magari. Akafungua boneti, akachomoa betri, akawapigia kelele watoke. Walitoka wote. Yeye aliungua uso na kifua, na tarehe 2 Julai alifariki hospitalini.

Bosi anatangaza kwamba waya ule ni wa marehemu. Mke wa marehemu alipompelekea habari hizo wodini, marehemu alisema, "Mimi? Waya? Nenda kafungue kifuniko cha fyuzi." Mke alikwenda. Kisanduku kimeyeyuka upande mmoja, lakini nukta nyekundu ipo, na waya ulikuwa umechomekwa palepale, penye alama aliyoiweka mwenyewe ili pachomekwe fyuzi tu. Anao hapa, ameufunga kwenye kanga.

Marehemu ameacha mjane, dada, na watoto wawili wanaoambiwa shuleni kwamba baba yao alikuwa fundi mzembe. Tuna hasira, na hatuifichi. Bosi amekaa safu ya mbele kwa kuwa ameleta jeneza. Jeneza tumelipokea. Sasa watoto hawa wanataka kusikia kwa kinywa chake ni nani aliyechomeka waya, kabla udongo haujarudishwa kaburini.

Bwana Rangi, pumzika kwa amani. Bosi, simama.