Ubao Alioukataa Mzee Kurumada

Wasikilizaji wapendwa, leo karakana ya Kurumada imefungwa. Ni siku ya kazi, na imefungwa. Mkazi wa bonde hili la Kiso akiona hivyo hana haja ya kuuliza. Mzee Tokuji Kurumada ametutoka, akiwa na miaka themanini na moja.

Kazi yake ilikuwa kukubali au kukataa. Mbao za raketi za mpira wa meza, zikishachongwa, zilipita mkononi mwake. Alitazama nyuzi za mti kama zimenyooka toka mpini hadi kichwani. Akaulaza ubao juu ya kidole kimoja, karibu na shingo, aone unainamia wapi. Ukiwa mzito kichwani, mchezaji ataumia mkono. Mwisho aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ubao mbaya aliuvunja gotini papo hapo, usije ukatoka na jina lake.

Na mdomo alikuwa nao! "Huu kampe mkeo ageuzie samaki," aliwaambia mafundi. "Mti wa hinoki umekua miaka mia mbili, wewe unauharibu asubuhi moja?"

Mwanawe, Masanori, alichonga ubao wake wa kwanza kwa ajili ya mdogo wake, Chizuru, aliyekuwa anakwenda kwenye mashindano ya mkoa. Ilikuwa msimu wa mvua. Sasa, karakana ile ilikuwa na mwiko: msimu wa mvua, ubao hauhukumiwi. Hinoki hunywa unyevu, ikawa nzito, mlio ukafifia. Mwiko huo aliuweka Mzee mwenyewe. Lakini mashindano yalikuwa yamekaribia, na binti alikuwa amemganda.

Mzee akaupima. Akaugonga.

"Hauimbi huu."

"Baba, hebu sikiliza tena."

"Nimeshasikia. Mimi kiziwi?"

Akauvunja mbele ya mafundi wote.

"Kaka alinawa mikono," anakumbuka Chizuru. "Akala wali wake mpaka ukaisha, akapanda treni ya kwenda Osaka." Huko akawa fundi wa makabati. Nyumbani hakurudi.

Majira ya kupukutika majani yalipofika, hewa ikakauka. Mzee alikuwa akiwasha jiko kwa vipande vilivyokataliwa. Mkononi kikaja kipande cha ubao wa Masanori, kile chenye mpini. Akakigonga, mazoea tu. Kikalia. Kilikuwa nusu, wasikilizaji wapendwa, na bado kililia vizuri kuliko mbao nzima alizozipitisha mwaka ule.

"Nilimkuta amekaa chini, jiko limezimika," anasema Chizuru. "Akaniambia, 'Nimemwonea kakako.' Nikamwambia, 'Si umpigie simu, Baba?' Akasema, 'Nimwambie nini? Hapa sikio ni langu. Likikosea, nani atanisikiliza?'"

Alimpigia, tena mara nyingi. Masanori akisema "Halo?", Mzee anakata. Akitoka hapo anapita kwa mafundi kuwagombeza, na wao wakajua kwamba leo kapiga simu tena. Alimpenda mwanawe, lakini aliona aibu. Ikapita miaka kumi na tisa.

Majira haya ya baridi, kiharusi kikamwondolea sauti. Masanori akaja hospitali. Mzee alimwona, akajaribu. Midomo ilicheza, maneno hayakutoka. Machozi yalimtoka, na mwanawe akamfuta kwa kitambaa. Alfajiri ya pili akafariki.

Jana, mwili ulipokwisha kuchomwa kama ilivyo desturi yetu, ndugu wawili walisimama mbele ya majivu, wakaokota mfupa pamoja, kila mmoja na vijiti vyake. Chizuru akanong'ona, "Kaka, Baba alijua. Alijua kwamba alikosea."

"Hata mimi nilijua," akasema Masanori. "Tangu siku ile. Mvua inanyesha, ubao umejaa unyevu. Ningesema tu, 'Baba, tungoje ukauke,' angengoja. Sikusema. Nilitaka akosee, halafu aje kuniomba radhi."

Akalegeza vijiti vyake, na dada yake akaubeba mfupa ule karibu peke yake.

Chizuru, Masanori, na mafundi wote wa karakana, poleni sana. Bonde zima linalia nanyi. Nawe unayetusikiliza, huenda kuna mtu wako wa damu hamsemezani, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Mzee Kurumada alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: nilikosea, mwanangu, rudi. Ameondoka nayo.