Marehemu Genoveva Kamugisha na Damu Yetu

Ndugu waombolezaji, ninayewasomea ni Apolinari, mdogo wake marehemu. Nina msiba, na juu ya msiba nina woga, kwa sababu mke wangu Margareta ana mimba yetu ya kwanza, na yaliyompata dada yangu yanamhusu mtoto huyo.

Marehemu Genoveva alizaliwa tarehe 14 Septemba 1921 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa kwanza wa Mzee Kamugisha na Mama Auleria. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Hapa Temeke wengi mlimjua kwa cherehani yake ya barazani. Sare za shule alizishona na pindo refu kupita kiasi, na mzazi akilalamika alimjibu, "Mtoto atakua huyu, mama."

Tarehe 10 Juni 1944 alifunga ndoa na Bwana Adelard, karani wa bandarini Kurasini. Walijaliwa watoto wawili, Audax na Felicitas. Wote walianza kuvimba mikono na miguu kabla ya kutimiza mwaka, macho yakawa manjano, mifupa ikawauma hata hawashikiki. Audax alifariki mwaka 1948, Felicitas mwaka 1952. Kilio cha yule binti nakisikia mpaka leo.

Daktari alimpima marehemu damu, akasema yeye ni mbebaji wa ugonjwa ule wa damu uliowaua watoto. Kwa wakwe zake neno hilo lilitosha. Walimwita mwenye damu mbaya. Majirani walikataa kumpa mtoto ampakate, kana kwamba mtoto ataambukizwa. Mama mkwe akamrudisha kwetu hapa Temeke, yeye na cherehani yake, kama wafanyavyo wakwe wasiomtaka mke. Hakuna aliyefikiria kumpima Adelard. Mwanamume gani angepelekwa kupimwa!

Mwaka 1955 daktari mwingine alimwita Adelard naye atolewe damu, akakutwa mbebaji vilevile. Daktari akawaeleza yeye na marehemu kwamba mbebaji si mgonjwa, wala hamwambukizi mtu. Amerithi kasoro hiyo ya damu kwa mzazi mmoja tu, na anaishi nayo mzima. Mtoto huugua anapoirithi kwa baba na kwa mama pia, na kila mimba ni kubahatisha upya. Siku hiyo Adelard alikuja akasimama mlangoni kwetu, hajui aanzie wapi. Marehemu akamwambia, "Pita ndani, mbebaji mwenzangu. Chai ipo." Waliishi pamoja tena hadi mwisho, ila hawakuthubutu kuzaa.

Mwezi uliopita marehemu alishikwa na homa ya mapafu. Ubebaji haukumwua, naomba hilo lieleweke. Akiwa kitandani alimshika Margareta mkono.

"Wifi, nendeni mkapimwe, nyie wote wawili. Mie nilipimwa peke yangu."

"Na wakitukuta nayo sote, dada? Mimba nimeshaibeba. Itasaidia nini?"

Marehemu alimjibu, "Itasaidia asirudishwe mtu kwao."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 1958, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Adelard. Mama yetu mzazi, Auleria, aliyeko Kanyigo. Mimi mdogo wake. Na wifi yake Margareta, ambaye mnamwona ameketi pale na tumbo lake.

Tulikwenda kupimwa. Mimi nimekutwa mbebaji. Jibu la Margareta litatoka Ijumaa. Usiku silali, na ninapouona mkono wake umelala juu ya tumbo natazama pembeni kwa hofu. Wazee wa ukoo wetu mpo hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza chinichini nitafanyaje. Nawajibu mbele ya jeneza hili: Ijumaa waseme watakalosema, mke wangu harudi kwao.

Dada Genoveva, pumzika kwa amani.